Tindo za Farao

Mwaka wa sita wa utawala wa Farao Seti wa Pili, yapata 1195 KK, fundi mawe aliyeitwa Nebnefer alisimama mbele ya baraza la kijiji chake akasema ameibiwa tindo. Alikuwa ameifukia ndani ya nyumba yake, na alipokwenda kuifukua hakuikuta. Akawaapisha watu, kila mtu akakana, na jambo likalala kwa siku nyingi. Hatimaye mwanamke mmoja, Nubemnehem, akamwendea na kumwambia kwamba nguvu ya mungu imemshukia na hawezi tena kunyamaza. Aliyeichukua tindo ni Heria. Nubemnehem alimwona kwa macho yake mwenyewe.

Baraza likamwita Heria na kumuuliza. Akakana. Akaulizwa kama yuko tayari kuapa, akaapa kwa jina la Amun na kwa jina la mfalme. Muda mfupi baadaye mtumishi aliyeitwa Pashed akatumwa kufuatana naye hadi nyumbani. Tindo ikafukuliwa huko, na pamoja nayo chombo cha ibada cha Amun. Wazee wakaandika kwamba mwanamke huyu anastahili kifo, wakampelekea waziri wa Farao shauri hilo. Wakaongeza kumbukumbu ya kesi ya zamani ya mwanamke mwingine aliyeiba chombo cha shaba chenye uzito wa deben moja na nusu, ili waziri aone kwamba kijiji hakijaanza leo kulichukulia jambo hili kwa uzito. Maneno hayo yote yamo kwenye kipande cha jiwe kilichohifadhiwa British Museum, London.

Mimi nimekuwa mtunza stoo kwenye saiti za ujenzi Dar es Salaam, maghorofa ya Kariakoo na nyumba za Mbezi. Nimetoa asubuhi na kupokea jioni nyundo, mitaimbo, sururu, grainda na tindo nyingi mno. Nilipoisoma kesi ya Heria, wizi wenyewe haukunishangaza. Kilichonishika ni kwamba chombo kimoja cha fundi kiliweza kukalisha baraza, kikaletewa shahidi na kiapo, kikaandikwa, kikafika hadi kwa waziri. Kwetu fundi akiibiwa tindo huambiwa anunue nyingine, na pesa hukatwa kwenye ujira wake.

Kijiji chenyewe leo kinaitwa Deir el-Medina. Kiko ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, mkabala na mji wa Luxor. Ndani ya ukuta wake palikuwa na nyumba 68 hivi, zimebanana, na kwa zaidi ya miaka 400 waliishi hapo mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi ya mafarao katika Bonde la Wafalme. Hawakuwa watumwa. Walilipwa kila mwezi, walikuwa na siku za kupumzika, walishtakiana, walikopeshana punda na kudaiana kodi yake. Mfaransa Bernard Bruyère alikichimbua kijiji hicho kuanzia 1922 hadi 1951, na msomi wa Kicheki Jaroslav Černý akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kusoma maelfu ya vigae na vipande vya mawe walivyoviandikia mambo yao ya kila siku.

Ili kuelewa kwa nini tindo ilikuwa na thamani kubwa hivyo, mtu aweke kando mawazo ya duka la vifaa. Misri ya wakati huo haikuwa na sarafu. Watu walithaminisha vitu kwa uzito wa shaba, na kipimo chao, deben, kilikuwa gramu 91 hivi. Jozi ya ndala ilikuwa deben moja au mbili. Fundi wa kawaida alipata kwa mwezi magunia manne ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri; bei ikiwa deben mbili kwa gunia, ujira wake wote ulikuwa deben 11, yaani kilo moja ya shaba. Basi tindo ya nusu kilo ilikuwa ujira wa nusu mwezi. Na mwizi hakuhitaji kumtafuta mnunuzi wa tindo. Aliiyeyusha tu, ikawa shaba kama shaba nyingine yoyote, haina jina wala asili. Walinzi wa saiti wa leo wanaokesha na waya za umeme wanalijua vizuri jambo hili: kinachoyeyuka hakina mwenyewe.

Tindo nyingi zilikuwa mali ya Farao. Genge la kazi liligawanywa pande mbili, upande wa kulia na wa kushoto, kama wapiga makasia wa chombo kimoja, na kila upande ulikuwa na mnyapara wake. Pamoja na hao alikuwapo karani wa Kaburi, na chini yake walinzi wa ghala. Karani ndiye aliyeandika: upande wa kulia umepewa tindo kadhaa, wa kushoto kadhaa. Hata tambi za taa zilihesabiwa, kwa sababu ndani ya mwamba hakuna jua, na idadi ya tambi zilizoungua ilionyesha kazi iliyofanyika. Tindo ilipokuwa butu ilirudishwa, ikaenda kwa mfua shaba, ikafuliwa upya, ikatoka tena.

Ila kuhesabu hakutoshi. Tindo ilipimwa kwenye mizani wakati wa kutolewa, na jiwe lenye uzito uleule likabaki kwa karani. Tindo iliporudi ilipimwa tena dhidi ya jiwe hilo. Nimelifikiria jiwe hilo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichosoma kuhusu Misri, piramidi zikiwemo. Leja yangu inasema: nyundo kumi zimetoka, nyundo kumi zimerudi. Haisemi kama nyundo mpya niliyoitoa asubuhi ndiyo iliyorudi jioni, au kama imerudi kuukuu yenye kichwa kilicholegea, iliyotolewa kwenye begi la mtu. Idadi imetimia, mali haipo. Jiwe la karani lilijua tofauti hiyo. Lilijua hata kama kuna mtu aliyekwangua shaba kidogo kidogo akidhani haionekani.

Na kulikuwa na alama. Kila fundi wa Deir el-Medina alikuwa na alama yake, aliyoitia kwenye vyungu na nguo ili vikienda kwa dobi au mteka maji virudi kwa mwenyewe. Wengi hawakujua kusoma, na alama haikuhitaji kusoma. Ben Haring wa Chuo Kikuu cha Leiden na wenzake wamezifuatilia alama hizo familia kwa familia. Desturi ya kuandika zana ni ya zamani zaidi hata ya kijiji hicho. Huko Lebanon, kwenye mdomo wa mto Nahr Ibrahim, kiliokotwa kichwa cha shoka cha shaba kilichochorwa jina la genge la Wamisri wa zama za piramidi, watu waliofika huko zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Shoka lilipotea mbali sana na kwao, nalo bado linamtaja mwenyewe. Sisi tunatumia rangi nyekundu kwenye mpini na herufi za kugongwa kwenye chuma. Rangi inakwanguliwa, herufi zilizogongwa zinadumu, na nawashauri mafundi vijana wagonge majina yao kabla hata hawajaifanyia kazi zana mpya.

Mlango wa ghala haukuwa na kufuli tunayoijua. Ulikuwa na komeo la mti, likafungwa kwa kamba, na juu ya fundo likabandikwa udongo uliopigwa muhuri. Howard Carter alipofungua makasha makubwa yaliyozunguka majeneza ya Tutankhamun alikuta kamba na muhuri wa namna hiyo kwenye mlango mmojawapo, fundo likiwa zima baada ya miaka zaidi ya 3,000. Mtoto angeweza kuikata kamba ile. Kazi ya udongo haikuwa kuzuia mkono. Ilikuwa kuhakikisha kwamba aliyeingia hawezi kusema hakuingia, na kwamba anayeshika muhuri ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kwa hiyo kilichoilinda tindo kilikuwa watu waliojulikana: karani mwenye jiwe, mnyapara mwenye upande wake, mwenye muhuri, jirani mwenye macho. Hata mungu aliyemsukuma Nubemnehem kusema alikuwa sehemu ya ulinzi huo. Watu wa pwani hawatashangaa. Nimeona saiti ambako mashine iliyopotea haikupatikana kwa polisi wala kwa vitisho vya mkandarasi, lakini habari zilipoenea kwamba mwenye mali anakwenda kusoma Halbadiri, dua ya kumwapiza mwizi, ilikutwa alfajiri nyuma ya rundo la kokoto.

Mfano wa aina hiyo upo hata kwa Wamisri wale. Papyrus Salt 124, iliyomo pia British Museum, ni orodha ndefu ya mashtaka dhidi ya mnyapara Paneb. Mwandishi ni Amennakht, ndugu wa mnyapara aliyetangulia, na anadai Paneb alikipata cheo chake kwa kumhonga waziri watumishi watano. Mtu asome mashtaka hayo kwa tahadhari, maana Amennakht alikitaka cheo hicho kwa familia yake. Lakini anayajua mambo ya saiti. Anasema Paneb aliwatumia wafanyakazi wa Farao kuchonga kaburi lake mwenyewe, akatumia tindo za Farao katika kazi hiyo, akachukua mawe ya kaburi la mfalme kutengenezea nguzo zake. Kisha anataja tindo kubwa ya kuvunjia mawe. Ilipotea, watu wakaitafuta mwezi mzima, na Paneb akairudisha kimya kimya akaiacha nyuma ya jiwe kubwa.

Mwezi mzima. Kila mtunza stoo ameuishi mwezi kama huo, vibarua wakipekuliwa mifuko getini kila jioni wakati kitu kimo kwenye gari la bosi, kinajenga nyumba ya bosi. Kinachonigusa katika shtaka la Amennakht ni kwamba hakumtafuta mwizi chini. Alimtaja mwenye cheo, kwa jina, kwa maandishi.

Utaratibu ule wa mizani na muhuri ulisimama juu ya kitu kimoja: magunia kufika kwa wakati. Mwaka wa 29 wa Ramses wa Tatu, yapata 1157 KK, hayakufika. Mafundi wakaziacha zana, wakazipita kuta za ulinzi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu la Thutmose wa Tatu wakisema wana njaa. Karani aliyeandika habari za mgomo huo, ambaye naye aliitwa Amennakht, alikuwa mtu wao, na karatasi hiyo ya mafunjo ipo Turin. Humo fundi mmoja anaapa kwamba wakimwondoa kwa nguvu hatalala kabla hajavunja kaburi. Mwingine anawashtaki wenzake kwa kung'oa mawe juu ya kaburi la Ramses wa Pili. Miaka mingi ya jiwe na mizani, na miezi michache ya njaa ilitosha watu kuyatamka hayo hadharani.

Kwa maana tindo haikuwa fedha tu. Ilikuwa pia ufunguo wa makaburi. Mwaka wa 16 wa Ramses wa Tisa, mnamo 1110 KK, mchonga mawe Amunpanefer, mtu wa hekalu la Amun na si wa kijiji chetu, alikiri kwamba yeye na wenzake walibeba zana zao za shaba wakatoboa njia hadi kwenye kaburi la mfalme Sobekemsaf na malkia wake. Walikusanya dhahabu deben 160, na kwa kuwa walikuwa wanane, kila mmoja akapata 20. Alipokamatwa mara ya kwanza alimpa karani wa wilaya fungu lake lote akaachiwa, na wenzake wakamfidia kutoka mafungu yao.

Mimi sikubali kauli niliyoisikia kwa makandarasi wengi, kwamba fundi akipewa nafasi ataiba. Deir el-Medina inaonyesha watu walioishi kizazi kwa kizazi wakijua njia za kufikia dhahabu ya wafalme, huku tindo zao zikirudi kwenye mizani. Walichoka walipoacha kulipwa.

Zama za Ramses wa Kumi na Moja kijiji kilikuwa kimeachwa, watu wamehamia nyuma ya kuta za Medinet Habu kwa kuogopa wavamizi. Karani wa mwisho anayejulikana vizuri ni Butehamun. Kuna barua yake na ya wafanyakazi wake kwenda kwa jenerali Piankh, aliyekuwa vitani Nubia. Wanataja agizo alilowapa: wafungue kaburi moja kati ya makaburi ya kale, na muhuri wake wautunze mpaka atakaporudi. Vita vinataka mali, na mali ilikuwa chini ya mwamba. Safari hii aliyetaka kaburi lifunguliwe alikuwa mkuu wa jeshi, na waliotumwa ni walewale waliowekwa kuyalinda.

Miaka kadhaa baadaye Butehamun alitumwa tena, sasa na Pinudjem, kuhani mkuu, mwana wa Piankh, kwenda kuushughulikia mwili wa Ramses wa Tatu na kuuvika sanda. Mwili huo ulikuwa miongoni mwa ile iliyotolewa mafichoni Deir el-Bahari mwaka 1881. Juu ya sanda iliandikwa kwa wino tarehe, jina la aliyeagiza, na majina ya makarani wawili waliotekeleza, Butehamun akiwa mmoja wao.