Heureka: Nimepata au Nilipata?

Wengi wetu tunakijua kisa cha Archimedes wa Syracuse. Mfalme Hieron alishuku kwamba sonara amechanganya fedha katika taji lake la dhahabu, akamtaka Archimedes achunguze. Siku moja Archimedes aliingia birikani kuoga, akaona maji yanamwagika, na jibu likamjia. Akatoka mbio uchi kuelekea nyumbani, akipiga kelele: "Heureka! Heureka!" Archimedes aliuawa mwaka 212 KK. Kisa hiki tumekipata kwa Vitruvius, Mrumi wa karne ya 1 KK, aliyeandika kwa Kilatini lakini neno hilo akaliacha katika Kigiriki.

Heureka ni kitenzi heurisko, "napata", katika hali timilifu. Kigiriki cha kale kilikuwa pia na umbo liitwalo aoristi: heuron, "nilipata". Aoristi husimulia tendo lililopita. Hali timilifu husema tendo limekwisha na matokeo yake yapo sasa. Archimedes hakuwa akisimulia. Jibu alikuwa nalo palepale. Nimepata!

Sisi tunaosema Kiswahili tunayo tofauti inayokaribiana sana na hiyo, -li- na -me-. Hesteka, umbo timilifu la kitenzi cha kusimama, humaanisha kwamba mtu yuko wima sasa hivi: nimesimama. Tethneke ni "amekufa". Anayeanzia kwenye Kiingereza huhangaika na maumbo haya, lakini sisi tumeyasikia nyumbani tangu utotoni.

Hata hivyo, umbo la kitenzi linaweza kupotea. Katika karne za kwanza baada ya Kristo, wasemaji wa Kigiriki walizidi kuchanganya hali timilifu na aoristi, na mwishowe umbo la zamani likatoweka. Mgiriki wa leo husema vrika, neno ambalo kwake ni aoristi. Akitaka hali timilifu, huazima msaada wa kitenzi cha "kuwa na": eho vri.

Nilipohamia hapa chuoni nilimpigia bibi simu Mombasa. "Bibi, nilifika." Akauliza, "Ulifika, halafu ukaenda wapi tena, mjukuu wangu?" Sikuwa nimekwenda popote. Nilikuwa nimekaa kitandani, mizigo miguuni, nikitafsiri Kiingereza kichwani. Nadhani hata Kigiriki kilipoteza umbo lake hivyo hivyo, sentensi moja moja, na hakuna aliyeuliza kama bibi.

Siku hizi nikifika humwambia: nimefika.