Kamina: Reli, Shule na Elimu Jumuishi
Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikua kama mji wa reli. Enzi za Wabelgiji shule nyingi zilikuwa za misheni, za Wakatoliki na Wamethodisti, na hazikuandaliwa kwa ajili ya mtoto kipofu au kiziwi. Katiba ya 2006 iliahidi elimu ya msingi bila malipo. Ahadi hiyo ilianza kutekelezwa kote nchini 2019, kuchelewa kulikowaumiza maskini kwanza. Mwaka 2015 Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaodai elimu jumuishi, kisha Mei 2022 ikatunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Darasani, kwa mwalimu kijana, simu inayosoma maandishi kwa sauti humfikishia kitabu mwanafunzi asiyeona, mradi umeme upo.