Kwa Treni Hadi Tabora, Kumtafuta Babu Yake Bibi

Leo nawasimulia safari yangu ya mwaka 2023, nilipopata likizo gazetini na badala ya kuimaliza Kimbiji nikila samaki, nikapanda treni kwenda Tabora. Vijana wenzangu walinicheka. Mji wa kihistoria kwao ni Zanzibar, na mwenye pasipoti anaota Paris. Tabora kuna nini?

Mimi nilikuwa na sababu. Bibi yangu, mzaliwa wa hapa hapa Kimbiji, anasema babu yake alikuwa Mnyamwezi, mpagazi aliyeshuka pwani na msafara wa pembe za ndovu, akaoa, hakurudi tena. "Ukifika huko mjukuu wangu, waulize kama wanamjua," aliniambia. Jina lenyewe hakuna anayelikumbuka.

Basi, daladala hadi Kigamboni, pantoni, kisha kwa miguu hadi Stesheni. Treni ya umeme ilikuwa bado. Ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Nilipanda ile ya reli ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Shuleni tulikariri hivyo: Wajerumani walijenga reli. Sawa, lakini njia hawakuibuni wao. Kwa sehemu kubwa reli ile inafuata njia ya misafara iliyokuwa imekanyagwa na wapagazi miaka mingi kabla. Na wengi wa vibarua waliotandika mataruma walikuwa Wanyamwezi hao hao.

Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, yaani Tabora, Novemba. Zaidi ya miezi minne! Mpagazi alitembea njia hiyo na mzigo wa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Mimi nilikuwa na begi moja dogo na kitanda cha daraja la pili, na asubuhi ya kwanza nikawa nalalamika mgongo. Ni zaidi ya kilomita 800.

Tabora ni mji wa miembe na asali. Ni mji pia wa Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwaka 1893, Wajerumani walipoivamia ngome yake, alilipua baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Nilizunguka siku nzima, kesho yake nikaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji.

Kwihara kuna tembe lililojengwa upya, nalo linajulikana kwa jina la Livingstone. Alikaa hapo mwaka 1872, baada ya Stanley kumkuta Ujiji mwaka 1871. Stanley alitangulia pwani, naye akabaki hadi Agosti. Mnajua alikuwa anasubiri nini? Wapagazi! Ilibidi Stanley amtafutie watu Zanzibar na kumpelekea. Msafiri mkubwa kuliko wote katika vitabu vyetu alikaa miezi mitano nyumbani kwa sababu hapakuwa na wa kubeba.

Alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, ni wao tena. Chuma, Susi na wenzao zaidi ya sitini waliukausha mwili, wakaubeba, wakapita hapo Kwihara na kufika Bagamoyo Februari 1874. Akazikwa Westminster Abbey, London, Aprili mwaka huo. Chuma na Susi walipofikishwa Uingereza, mazishi yalikuwa yamekwisha.

Hao wawili angalau tunawajua kwa majina. Nilisimama uani pale nikamkumbuka babu yake bibi. Huenda alilala hapo, huenda hakuwahi kupita. Sikuwa na hata jina la kuuliza.

Nilirudi Kimbiji na chupa ya asali. Bibi akauliza, "Wanamjua?" Nikamwambia hapana. Akaonja asali, akasema ni nzuri.

Sasa nimeanza kuandika kila anachokumbuka, na majina ya kuanzia kwa mama yake ninayo. Aliyemtangulia mama huyo tumeshampoteza. Nawe kama nyumbani kwenu kuna mzee, usingoje likizo. Chukua daftari ukae naye.