Mita 60 za Kilombero

Bonde la Kilombero limelindwa kwenye makaratasi siku nyingi: pori tengefu mwaka 1952, kisha ardhioevu ya Ramsar mwaka 2002, karibu hekta 797,000. Lakini kijito kikishashuka kutoka Udzungwa kinapita mashambani kwa watu. Hapo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Sasa piga hesabu. Eka moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Kwa mkulima wa mpunga mwenye eka moja mtoni, hilo ni karibu shamba zima! Maji hayo yanaingia Rufiji, yanazungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere. Ukiwasha taa, jiulize: mita 60 kazilipia nani?