Mihogo Yetu na Siku Zake Tatu

Leo tuketi kidogo jikoni. Labda mmoja atauliza: je, historia inapatikana jikoni? Tumezoea kusoma habari za wafalme, za vita, na za wasafiri waliopita na misafara yao. Lakini tuangalie sahani ya jioni wakati wa kiangazi: bukari ya mihogo, sombe iliyotiwa mawese, na ndakala wachache pembeni. Nyumba nyingi za Kongo hula hivyo siku kwa siku, na hakuna anayefikiri kwamba chakula hicho kimetoka mbali. Kumbe kimetoka mbali sana, tena kilikuja na hatari yake. Mama zetu waliishinda hatari hiyo kwa maji na kwa saburi. Mahali saburi ilipokatwa, watu walilemaa.

Tuanze na wazee wa sahani. Babu zetu wa zamani sana hawakujua mihogo. Walikula ulezi, mtama, ndizi na viazi vikuu, kila kabila kadiri ya udongo wake. Mchikichi ni mti wa Afrika yenyewe. Kwa hiyo katika sufuria ya sombe mawese ndiyo mzee, nayo majani ya mihogo ni mgeni. Mahindi pia ni mgeni. Mwaka wa 1591 kilichapwa huko Roma kitabu cha Filippo Pigafetta juu ya ufalme wa Kongo, alivyosimuliwa na Mreno Duarte Lopes. Humo imeandikwa kwamba Wakongo waliyaita mahindi nafaka ya Ureno. Jina lenyewe linatuonyesha mlango yalikopitia.

Na mihogo? Ni mimea ya Amerika ya Kusini. Wenyeji wa Brazili waliilima miaka elfu nyingi kabla ya Wareno kufika. Katika karne ya 16 Wareno walivusha bahari mboga na mbegu za kule, na mihogo ikashuka kwenye pwani ya Kongo na Angola. Merikebu zilezile zilirudi Amerika zimejaa watumwa. Tusilisahau jambo hilo tunaposifu chakula: mihogo iliingia kwetu kwa njia waliyotokea ndugu zetu wakiwa wamefungwa minyororo.

Kutoka pwani mihogo ilitembea yenyewe, kama tunavyoweza kusema. Hakuna mfalme aliyeiamuru ienee. Mtu alikata kijiti shambani kwa shemeji yake, akakibeba begani, akakipanda kwake. Hivyo ilipita mito na misitu mpaka inchi za Walunda na mbele zaidi, mpaka kwa Kazembe. Kwa upande wa mashariki mambo yalikuwa mengine: huko Nyangwe na Kasongo wafanyabiashara waliotoka pwani ya Bahari ya Hindi walileta mpunga katika karne ya 19, pamoja na lugha hii tunayoandika. Hata leo watu wa Maniema wanajua kupika wali kuliko wengi wetu.

Kwa nini mihogo ilipendwa hivyo? Kwanza, inavumilia udongo uliochoka. Tena haina haraka ya kuvunwa; inakaa chini ya ardhi mwaka mmoja, hata miwili, ikingoja. Nzige wakipita wanakula majani tu, shina linachipuka tena. Mvua ikikosa, mahindi yanakauka yakisimama, lakini mihogo inabaki. Wakubwa wa serikali ya Wabelgiji waliona faida hiyo pia: tangu 1917 sheria iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao waliyoamriwa, na mahali pengi mihogo ilihesabiwa humo kuwa akiba ya njaa. Wazee hawapendi kukumbuka faini na viboko vya mashamba yale.

Lakini kuna mihogo ya namna mbili. Ile mitamu unaweza kuimenya, kuichemsha na kuila na chai asubuhi. Ile michungu haifai kuliwa hivyo, kwa sababu ndani yake mna sumu, ambayo wenye elimu huiita sianidi. Mtu atauliza: kwa nini basi watu walipanda iliyo michungu? Jibu ni rahisi. Nguruwe wa porini na nyani hawaipendi. Mwizi naye hawezi kuichimba na kuila njiani. Sumu ni mlinzi wa shamba. Kazi ilikuwa moja: kumwondoa mlinzi kabla ya chakula kuingia kinywani.

Wenyeji wa Brazili wengi waliikwangua mihogo, wakaikamua katika mfuko mrefu wa kusukwa, kisha wakaikaanga. Mama zetu huku walichukua njia ya maji. Mwaka wa 1854 David Livingstone alipita kwa Walunda akielekea Luanda, akaandika namna alivyowaona akina mama wakifanya: mizizi ililoweshwa majini siku nne mpaka ikaanza kuoza, ikatolewa, ikaondolewa maganda, ikaanikwa juani, kisha ikatwangwa kuwa unga mweupe. Ni kazi ileile ya leo! Livingstone alinung'unika pia kwamba bukari hiyo, hata ukiila nyingi namna gani, baada ya saa mbili unasikia njaa tena. Nadhani mama yeyote wa kwetu angemjibu: «Bwana, ulikula na mboga gani?» Jibu hilo lina maana kuliko mzaha, na tutalirudia.

Tukumbuke kwanza yale maji. Mzizi unapolala majini unalainika, sumu inavunjika, nyingine inayeyuka majini na nyingine inatoka na hewa. Ndiyo maana kisima cha mihogo kinanuka. Siku tatu ni desturi ya mahali pengi. Siku nne ni bora maji yakiwa ya baridi. Na katika kiangazi, usiku ukiwa na baridi, hasa huko milimani, mihogo inachelewa kulainika. Hapo mama asihesabu siku tu, bali abonyeze kwa kidole. Kidole kikiingia bila nguvu, na nyuzi za katikati zikivutika kwa urahisi, mihogo imeiva. Kama bado ni migumu, irudishe majini. Kuianika tu juani bila kuilowesha hakutoshi kwa ile michungu. Jua linaondoa maji, lakini sumu nyingi inabaki.

Sasa tufike kwenye jambo lenye uchungu. Mwaka wa 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa uliokuwa katika Kwango. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu alilala mzima. Asubuhi, au baada ya kazi ngumu, miguu yote miwili ilikakamaa. Hakuwa na homa. Ugonjwa hauzidi baada ya siku zile za kwanza, lakini hauponi. Wengine hutembea kwa ncha za vidole wakishika fimbo, wengine hutambaa. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa. Na huonekana zaidi katika kiangazi.

Miaka mingi watu walitafuta sababu. Wengine walisema ni uchawi, na jirani akamchukia jirani. Mwaka wa 1981 ukame mkali ulipiga kaskazini mwa Msumbiji, katika jimbo la Nampula. Watu hawakubaki na chakula ila mihogo michungu, ambayo ukame wenyewe huizidishia sumu, wala hawakuwa na nguvu ya kungoja siku za kuitengeneza. Zaidi ya watu elfu moja walilemaa. Daktari Hans Rosling wa Uswedi alikuwako akifanya kazi, na uchunguzi wa miaka ile ulionyesha njia: sumu ya mihogo isiyotengenezwa vizuri, pamoja na ukosefu wa chakula cha kujenga mwili.

Kisha watafiti walirudi kwetu, Bandundu, wakaona jambo la ajabu. Ugonjwa uliongezeka mahali ambapo barabara ilikuwa nzuri! Sababu yake ni hii. Njia ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, kamioni zilikuja kununua mihogo mikavu. Mji mkubwa ulikuwa na njaa, na mfanyabiashara hakutaka kungoja. Siku tatu za majini zikawa mbili, mbili zikawa moja. Ile mihogo iliyobaki nyumbani ililiwa vivyo hivyo. Kuku, samaki na maharagwe viliuzwa pia. Mimi siwalaumu mama wale. Walihitaji franga za chumvi, za dawa na za shule ya watoto, nao hawakuambiwa na mtu kwamba siku zile mbili walizouza zilikuwa dawa. Bibi zao walijua kwamba ni lazima kungoja, lakini sababu yake hawakuijua. Na desturi isiyo na sababu huachwa upesi mtu akiona faida.

Tusidhani kwamba ni habari ya Kwango tu. Katika 2011 madaktari walitangaza kwamba konzo imeonekana Kivu ya Kusini, huko Burhinyi, mahali palipoumizwa na vita. Mkimbizi hana kisima chake cha mihogo. Anachimba usiku, anakula kesho yake. Na katika 2013 watafiti waliopima watoto huko Kwango waliandika kwamba sumu hiyo haigusi miguu peke yake: hata watoto waliokuwa wakitembea vizuri, katika vijiji vyenye konzo, walionekana kupungukiwa katika kukumbuka na katika kazi za mikono.

Turudi sasa kwa jibu la mama: ulikula na mboga gani? Mwili wenyewe una njia ya kuishinda sumu kidogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji vitu fulani vinavyopatikana katika samaki, nyama, mayai, na kwa kiasi katika maharagwe. Bukari peke yake haina vitu hivyo. Kwa hiyo ndakala wale wachache pembeni ya sahani si pambo. Na ndakala nao wana historia yao. Ziwa Kivu zamani halikuwa nao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walichukuliwa katika Ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu, wakazaa sana. Watu wa Bukavu na Goma huwaita sambaza, na vijana wa leo hudhani walikuwako tangu kuumbwa kwa ziwa. Mtu asiye na pesa ya samaki wakubwa atwange ndakala wakavu kuwa unga, anyunyize vijiko viwili katika sombe ya watoto. Miiba haitawasumbua, na kila mmoja atapata sehemu yake, hata mdogo asiyejua kugombania.

Sombe pia ni chakula chenye nguvu, lakini majani nayo yana sumu, pengine kupita mizizi. Uchague majani machanga, uyaoshe, uyatwange mpaka yawe laini kabisa, kwa kinu au kwa mashine ya sokoni. Kutwanga si kwa ajili ya ulaini tu. Ndiko kunakoifungua sumu ipate kutoka. Anayependa kuyababua majani kwa maji ya moto kabla ya kutwanga, basi ayamwage maji yale. Kisha chemsha kwa muda mrefu, na mwanzoni usifunike sufuria, ili mvuke uondoke na kile ulichobeba. Mawese, vitunguu na ndakala vitiwe baadaye, maji yakishapungua. Mawese mekundu yanafaa macho ya watoto. Ukiyaunguza mpaka yawe meupe, umepoteza faida hiyo.

Lakini itakuwaje kwa mama aliyenunua unga sokoni, asiyejua ulikaa majini siku ngapi? Hapo tuna habari njema. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia aligundua njia nyepesi, na tangu 2010 ilifundishwa kwa akina mama wa Kay Kalenge, katika eneo la Popokabaka, ambako konzo ilikuwa imewashika wengi. Muda wote wa kazi ile hakuonekana mgonjwa mpya. Hakuna cha kununua. Tia unga katika beseni, usawazishe, upige alama ndani ya beseni mahali unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha maji. Utandaze unga huo mbichi juu ya mkeka au kitambaa safi, unene usizidi sentimeta 1. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Kisha songa bukari siku ileile, usiuweke mpaka kesho.

Wengine watasema, na hayo ni maneno ya jikoni kwelikweli, kwamba unga uliolowa unageuka ladha. Mama wa Kay Kalenge walisema unageuka, ndiyo, unakuwa mtamu zaidi, maana uchungu umepungua. Basi nyumba inayokula saa kumi na mbili jioni, mkeka uwe juani kabla ya saa tisa.