Tope la Saiti Mbele ya Sheria ya Marekani

Mwaka 1899 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kutupa taka katika mito ipitayo meli, ila maji ya barabarani na ya mifereji ya miji likayasamehe. Kilicholindwa ni njia ya vyombo, si uhai wa mto. Tope lililosombwa na mvua kutoka saiti za ujenzi halikuwa na mwenyewe.

Nalo ni tope jingi. Kwa makadirio ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira, EPA, ardhi iliyochimbuliwa kwa ujenzi hupoteza udongo mara 10 hadi 20 kuliko shamba, na mara 1,000 hadi 2,000 kuliko msitu. Udongo huo hufukia mayai ya samaki na kuziba makalvati. Maryland, ambako mtaalamu wa mito M. Gordon Wolman alichunguza mito iliyojaa mashapo ya vitongoji vipya, ilitunga sheria ya kuudhibiti mwaka 1970.

Mwaka 1972 Bunge lilipitisha Sheria ya Maji Safi, likiishinda kura ya turufu ya Rais Nixon: asiye na kibali asimwage uchafu mtoni kwa bomba wala mtaro. Mwaka uliofuata EPA ikasamehe sehemu kubwa ya maji ya mvua. Watetezi wa mazingira wa Natural Resources Defense Council wakaenda mahakamani, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba shirika halina mamlaka ya kusamehe. Hata hivyo kanuni za saiti zilitoka 1990, tena kwa zile za kuanzia ekari 5. Mahakama nyingine ikauliza mpaka huo umetoka wapi, ikaubatilisha mwaka 1992. Kanuni za 1999 ziliushusha hadi ekari 1.

Leo mkandarasi huandika mpango wa kuzuia uchafu kabla ya kuchimba, husimamisha uzio wa kitambaa, hutengeneza bwawa la kutuamisha udongo, humwaga kokoto getini ili malori yasitoke na tope, na hukagua vyote hivyo kwa ratiba.

Mwaka 2009 EPA iliweka kikomo: maji ya saiti kubwa yasizidi ukungu wa 280 kwa kipimo cha NTU. Wajenzi walipinga, shirika likakiri kasoro katika hesabu zake, na mwaka 2014 kikomo kikafutwa badala ya kusahihishwa. Hilo ni kosa kubwa. Bila tarakimu, mkaguzi hupima uzio na kuyaacha maji. Kikomo kirudi, kikiwa na hesabu sahihi.