Nyama ni ya Wote, Chatne ni Yetu

Tulipoalikwa kula chakula cha Kikorea hapa Muscat, wengine wetu tulisita. Tuliuliza kwanza yale ambayo sote huuliza: nyama ni halali, na rojo haina kileo? Tulipohakikishiwa tukaenda, watu tisa wa vizazi vitatu, kuanzia bibi yetu aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja, hadi mjukuu wake aliyezaliwa hapa hapa Al Khuwair.

Kabla ya nyama vilikuja visahani. Tulihesabu kumi na kimoja: kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili ambayo wenyewe huiita kimchi, figili, mchicha wenye ufuta, choroko zilizochipuzwa, mwani, hata dagaa waliokaangwa kwa sukari. Kila kisahani kilipokwisha kiliongezwa bila ya malipo. Bibi alionja wale dagaa akacheka. "Dagaa kwa sukari! Haya, kuishi kwingi kuona mengi."

Kisha ikaja nyama ya ng'ombe, vipande vyembamba vilivyorowekwa kwa mchuzi wa soya, thomu, mafuta ya ufuta na tunda la peasi lililosagwa, ambalo kazi yake ni kulainisha nyama, kama sisi tunavyotumia papai bichi. Jiko liko katikati ya meza na kila mtu hujichomea. Huitwa bulgogi, bul ni moto, gogi ni nyama. Mjukuu akatia kipande mdomoni, akasema kwa furaha: "Hii kama mishkak yetu ya Oman, ila haina kijiti."

Bibi akaweka kijiko chini. "Ya Oman? Mimi mishkaki nimekula Unguja, mwanangu, kabla macho yangu hayajaiona Oman."

Hakuna aliyejibu. Mazungumzo yakageuzwa, lakini neno lile tulirudi nalo nyumbani, na ndilo lililotufanya tuandike kurasa hizi. Kwani mishkaki ni ya nani?

Tuanze na jina. Kiarabu kina kitenzi shakka, yaani kutoboa kwa kitu chenye ncha, na mishkak ni kile kinachotoboa. Mzizi huo huo ndio uliotupa Waswahili neno shaka. Huko bara, Tanzania na Kenya, wengi husema mshikaki na mishikaki, kana kwamba neno limetokana na kushika. Kwa upande wa jina, basi, mjukuu ana hoja. Tena katika miji ya ndani ya Oman nyama ya kijiti ni chakula cha Idi tangu zamani, pamoja na shuwa, ile nyama inayopakwa viungo, ikafungwa kwa majani, ikazikwa katika tanuri iliyochimbwa ardhini usiku kucha au hata siku mbili.

Lakini mishkaki ya bibi si ya Idi. Ni ya jioni yoyote, ya senti chache, ya Forodhani mbele ya bahari, katika ile bustani iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub, na ambayo baada ya kukarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009 bado inauza chakula usiku. Tena mishkaki yake haiji peke yake. Inakuja na kachumbari, chatne ya nazi, ukwaju, pilipili ya kusaga na mkate. Au inatumbukizwa ndani ya bakuli la urojo pamoja na mbatata na bajia. Mwambie bibi aitaje mishkaki bila ya hivyo, atakwambia hiyo ni nyama ya kuchoma tu.

Hapo ndipo visahani vya Kikorea vilipotufunza jambo. Nyama husafiri upesi, na kila taifa lina moto na kijiti. Wakorea wenyewe husimulia kwamba asili ya bulgogi ni nyama iliyochomwa vijitini zama za ufalme wa Goguryeo, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Lakini kwa karne nyingi nyama ya ng'ombe kwao ilikuwa adimu, kwa sababu dini ya Buda haikuipendelea, na baadaye watawala walizuia kuchinja ng'ombe waliokuwa wakilima. Mlo wa kila siku wa mtu wa kawaida ulikuwa nafaka na visahani: mboga zilizotiwa chumvi zisubiri baridi ipite. Ukitaka kujua watu walipitia nini, usitazame nyama yao. Tazama vilivyo pembeni yake.

Tukitazama pembeni mwetu tunaona bahari nzima. Nazi ni ya pwani. Chatne, jina na mtindo wake, ni ya Wahindi. Pilipili ilivuka kutoka Amerika baada ya 1492, na Wareno wakaisambaza katika bandari walizozishika, wao walioiteka Muscat mwaka 1507 na kufukuzwa mwaka 1650, kisha wakafukuzwa na Waomani katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Wakorea nao waliipata pilipili hiyo hiyo baada ya safari ndefu, wakati wa vita vyao na Wajapani vya 1592 hadi 1598 au karibu na hapo. Kimchi nyekundu iliyotuwasha midomo na pilipili ya kusaga ya Unguja ni watoto wa mama mmoja.

Na katikati ya yote kulikuwa na majahazi. Upepo wa kaskazi uliwaleta Waarabu na tende na papa mkavu. Kusi ukawarudisha na boriti na karafuu. Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alihamishia makao yake Unguja, na hata baada ya 1861, Oman na Zanzibar zilipotenganishwa kuwa tawala mbili, watu hawakuacha kwenda na kurudi, kuoa na kuolewa. Mapishi yalikwenda nao. Nani atakayesema kijiti kipi kilipanda jahazi lipi?

Kisha likaja jambo ambalo halikuwa safari ya biashara. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliua watu na kuwatawanya wengine. Bibi yetu aliondoka na mtoto mchanga na sanduku moja la nguo. Mbuzi ya kukunia nazi aliiacha jikoni, na hadi leo huitaja kuliko dhahabu. Walikaa huku na kule, kwani wakati huo mlango wa Oman haukuwa wazi kwa kila mtu. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika utawala, akawaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi iliyokuwa na skuli tatu tu na kiasi cha kilomita kumi za barabara ya lami. Wakaja kutoka Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na kwengineko, wakawa walimu, wauguzi na makarani. Wakaitwa Wazinjibari, na Kiarabu cha wengi wao kilichekwa.

Chatne haikuwa rahisi. Minazi ya Oman iko Dhofar, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Muscat, na nazi nzuri sokoni ilikuwa bahati. Bibi na wenzake walifanya chatne kwa kilichopatikana, wakakoleza ukwaju badala ya nazi, na mishkaki ikachomwa nje ya nyumba huku majirani wakiinusa. Leo mishkak inachomwa kando ya barabara na ufukweni, anayechoma anatoka Bangladesh au Bahla, na anayekula haulizi. Hatusemi sisi ndio tuliowafundisha Waomani kuchoma nyama. Tunasema tulileta mkono wetu, na mkono huo umo.

Mwisho wa mlo ule waliletewa wanaotaka tambi za baridi katika supu ya barafu. Asili yake ni kaskazini, Pyongyang na Hamhung. Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 viliwaleta wakimbizi wengi kusini, wakaishi kwa kuuza walichojua kupika, na sasa kusini nzima hula tambi hizo baada ya nyama ya moto. Lakini hadi leo zikitajwa huitwa kwa mji wake: za Pyongyang, za Hamhung. Mji hawawezi kuurudia, jina hawajaliacha.

Tulimweleza hayo mjukuu garini. Alikaa kimya, kisha akamuuliza bibi yake: "Chatne ya nazi inafanywa vipi?" Bibi akaanza kwa Kiswahili, akakwama aliposema "kukuna", kwa sababu kijana hakulijua neno. Akaonesha kwa mikono, gizani, mpaka tulipofika Al Khuwair.

Ndugu wasomaji, mjukuu hakukosea: mishkak ni ya Oman, na yeye ni wa Oman, na hilo ndilo wazee walilolirudia. Bibi naye hakukosea. Lakini nyama itabaki hata tukinyamaza. Kitakachopotea ni visahani, na majina ya visahani, na maneno kama kukuna na kuroweka. Ijumaa ijayo, nyumba iliyo na mzee imkalishe jikoni, imuulize, na iandike anavyosema kwa maneno yake. Sisi tumeanza. Tumenunua mbuzi ya kukunia nazi, na mjukuu ameshajikwaruza kidole.